Mali ya Wote na Ujira wa Mtunzaji

Ukisafiri kutoka Nairobi kwa njia ya Namanga utaupita mji wa Athi River, na baada ya mwendo mfupi utaingia Kitengela. Mahali hapo zamani palikuwa uwanda wa nyasi, malisho ya ng'ombe na ya wanyama wa porini. Leo kando ya barabara yamesimama majumba ya ghorofa, na chini ya majumba hayo mna maduka na vibanda visivyo na idadi. Katika vingi vya vibanda hivyo utaona simu zimepangwa nyuma ya vioo. Ukimwuliza mwenye duka simu hii ni ya nani, atakutajia jina lililochapwa mgongoni mwake. Ukimwuliza ndani yake mna nini, atakuambia mna betri na mna laini. Jawabu hilo ni la kweli, lakini halikutimia. Ndani ya simu nyingi kati ya hizo mna kazi ya akili iliyoandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi, nao wakaitoa ili kila apendaye aitumie, aisome, aibadilishe na kumpa mwenziwe. Kazi ya namna hiyo huitwa programu huria.

Nataka tutazame pamoja swali moja: kitu kinachotolewa kwa watu wote humlishaje aliyekitengeneza? Sikuulizi kwa udadisi mtupu. Nilisoma katika chuo cha ualimu pamoja na kijana mmoja wa Kajiado, hodari wa hesabu. Alipoanza kufundisha aliwaona walimu wenzake wakikesha kila mwisho wa muhula kwa kujumlisha alama za wanafunzi. Akaandika programu ya kuifanya kazi ile. Shule yake ilipofurahi, akaitoa kwa shule nyingine sita, pamoja na maandishi yake yote, wala hakutaka hata senti moja. Mwaka wa kwanza alisifiwa. Mwaka wa pili simu yake haikunyamaza: huku kompyuta imekataa kuwaka, kule mwalimu mgeni hajui pa kubonyeza, na kwingine mtaala umebadilika na programu haina budi kubadilika nao. Kila Jumamosi alipanda matatu kwa nauli yake mwenyewe. Mwaka wa tatu alipata mtoto, gharama zikamwelemea, akaacha kupokea simu. Katika shule moja kompyuta iliharibika na alama za kidato kizima zikapotea. Watu wakasema, bure ghali. Rafiki yangu alihuzunika, akaapa kwamba hatatoa tena kitu chochote. Je, kosa lake lilikuwa kutoa, au lilikuwa jambo jingine? Tukiijua historia ya programu huria tutaweza kumjibu.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya moja. Mtungaji huyaandika kwa lugha maalumu ambayo mtu aliyejifunza aweza kuisoma, na maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifahamu, lakini binadamu akizitazama haambulii kitu. Kampuni nyingi huuza zile tarakimu na kuuficha msimbo, mfano wa mpishi akuuziaye sahani ya pilau lakini hakuambii kiasi cha viungo. Programu huria ni pilau pamoja na maelezo ya kuipika, na ruhusa ya kuipika nyumbani kwako, kuongeza chumvi au kuipunguza, na hata kuwauzia majirani.

Hapa Kiswahili kimetufaa sana. Sisi tuna neno bure na tuna neno huru, wala hatuyachanganyi. Bure ni kitu kisicholipiwa, na pia ni kitu kisicho na faida, kama tusemapo kwamba fulani amejisumbua bure. Huru ni asiyefungwa. Mtu huru aweza kulipwa mshahara mkubwa, na mtumwa hufanya kazi bila malipo. Lugha ya Kiingereza ina neno moja, «free», kwa maana zote mbili, na tutaona kwamba neno hilo lilileta mashaka makubwa kwa muda wa miaka 15.

Kabla ya kwenda nchi za mbali, tuitazame ardhi tunayoikanyaga, kwa kuwa Kajiado yajua habari ya mali ya wote kuliko mahali pengi duniani. Wamaasai waliyatumia malisho kwa ushirika, lakini ushirika huo haukuwa fujo. Palikuwa na majani ya kiangazi na majani ya masika. Karibu na maboma palikuwa na sehemu iliyoitwa olopololi, iliyotengwa kwa ajili ya ndama na mifugo iliyo dhaifu, na wazee walijua nani amevunja desturi. Mwaka 1968 Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi. Kwa sheria hiyo ukoo au majirani waliandikishwa kuwa wanachama, wakachagua kamati, na hati moja ya ardhi ikatolewa kwa jina la kikundi chote. Ilitumainiwa kwamba kikundi kingeweza kukopa fedha, kujenga majosho, kuchimba visima na kufuga kwa faida.

Matumaini hayo yalitimia kwa uchache. Mikopo ilikuwa mizito. Kamati nyingine hazikuaminiwa. Vijana walikua bila kujua kama wataandikwa katika daftari, na kila mwanachama alitamani hati yake mwenyewe apate kukopa au kuwa na hakika ya kesho. Basi vikundi vikaanza kugawanywa kimoja baada ya kimoja. Kile cha Kitengela kiligawanywa mwaka 1988. Wako waliofaidi: walijenga nyumba za mawe, wakasomesha watoto. Lakini ardhi nyingi iliuzwa vipande vipande, nyua zikazuka, na ng'ombe waliozoea kufuata mvua walikuta waya mbele yao. Nyumbu na punda milia waliotoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda kusini wakati wa mvua walikuta njia zao zimefungwa.

Baadaye lilitokea jambo ambalo nataka ulishike moyoni mpaka mwisho wa insha hii. Kuanzia mwaka 2000 ulifanywa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ambao hawakuzungusha ua wala kuuza mashamba yao, kiasi cha dola 4 za Marekani kwa ekari moja kwa mwaka. Malipo yalitolewa kwa awamu, katika majira ya kulipa karo za shule. Tazama hekima iliyomo. Mnyama hakuuzwa, wala majani hayakuuzwa. Aliyelipwa ni mtunzaji, naye alilipwa siku ile ambayo shida yake ilikuwa kubwa kuliko siku nyingine.

Ni kweli kwamba programu si ardhi. Nikikupa nusu ya malisho yangu, yangu yamepungua. Nikikupa programu, yangu ingali palepale, na hata watu milioni wakiichukua haitapungua. Lakini kitu kimoja hupungua, nacho ni wakati wa yule anayeitengeneza. Msimbo hauliwi, lakini mtunzaji huchoka. Historia yote ya biashara ya programu huria ni historia ya watu waliotafuta njia ya kumlipa mtunzaji bila kuzungusha ua.

Historia hiyo yaanza Marekani. Mwezi wa Septemba 1983 bwana mmoja aitwaye Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT, alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu ataweza kuusoma na kuubadilisha. Aliuita GNU. Alikuwa amechukizwa na desturi mpya ya kampuni kuficha misimbo ambayo zamani wataalamu walipeana kama majirani wapeanavyo moto. Mwaka 1984 alianza kazi hiyo, akaacha ajira yake chuoni, na mara moja akakabiliwa na swali letu: atakula nini? Mwaka 1985 alianza kuuza kanda zenye programu yake ya kuandikia, kwa dola 150 kila kanda. Aliyekuwa na rafiki mwenye kanda aliweza kunakili bila kulipa. Wengine hawakuwa na rafiki, au hawakuwa na nafasi, nao walilipa. Hiyo ilikuwa biashara ya kwanza ya programu huria, na fundisho lake ni kwamba mtu aweza kulipia taabu ya kuletewa kitu ambacho chenyewe hakina bei.

Stallman alifanya jambo jingine kubwa zaidi. Mwaka 1989 alitoa leseni ya matumizi iliyosema hivi kwa muhtasari: utumie kazi hii upendavyo, lakini ukiibadilisha na kuisambaza, huna budi kuwapa wengine uhuru uleule uliopewa wewe. Leseni hiyo ni kama desturi ya wazee juu ya olopololi. Haikuondoa milki, bali iliweka masharti ya ujirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aitwaye Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Kazi za watu hao wawili zilipoungana, dunia ikapata mfumo kamili usio na ua.

Walakini wenye mali hiyo hawakujua kuitangaza. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wao waliishi kwa methali hiyo bila kuijua. Wenye viwanda waliposikia neno «free» walidhani ni kitu cha bure, na kitu cha bure hawakukiamini. Basi mwezi wa Februari 1998 watu wachache walikutana Palo Alto, huko California, wakati kampuni ya Netscape ilipokuwa imetangaza kwamba itaufungua msimbo wa programu yake ya kutembelea intaneti. Katika mkutano huo mwanamke aitwaye Christine Peterson alipendekeza jina jipya, «open source», yaani msimbo ulio wazi. Jina hilo halikugusa bei wala halikuzungumza juu ya uhuru. Lilizungumza juu ya ubora wa kazi. Stallman alilikataa, akisema kwamba limeuacha uhuru nyuma, na mpaka leo wako wanaokubaliana naye. Lakini wenye viwanda walilipokea. Msimbo haukubadilika hata mstari mmoja, bali jina lilibadilika, na milango ikafunguka. Hapo twaona kwamba hata chema hakina budi kujitembeza kidogo.

Aliyejua sana kukitembeza chema hicho alikuwa kampuni ya Red Hat, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1993, kazi ya Marc Ewing na Bob Young. Kampuni hiyo iliichukua Linux, mali ya wote, ikaipanga vizuri, ikaipa jina na nembo ya kofia nyekundu, na ikawaahidi wateja kwamba itakuwa tayari kuwasaidia mchana na usiku. Fikiri juu ya unga wa mahindi. Mahindi yapo kila mahali, na kinu kipo kila kijiji, lakini mama aendaye dukani huchukua pakiti yenye jina analoliamini, kwa sababu amekwisha kuijua. Kuanzia mwaka 2004 walitokea watu walioutwaa msimbo wa Red Hat kihalali, wakautoa bila malipo kwa jina la CentOS. Wengi walidhani Red Hat itakufa. Haikufa, kwa kuwa benki na serikali hazikununua msimbo, zilinunua ahadi. Mwaka 2019 kampuni ya IBM ilimaliza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Bei hiyo kubwa ililipwa kwa kampuni ambayo bidhaa yake ya asili ilikuwa mali ya watu wote.

Bara letu nalo lilikuwa na mfanyabiashara wake. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha kampuni ya Canonical, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikatoa mfumo wa Linux ulioitwa Ubuntu, neno la Kibantu ambalo ni ndugu wa neno letu utu. Intaneti ilikuwa ghali katika nchi nyingi, basi kampuni ikatuma santuri za mfumo huo kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mwalimu wetu alipopokea bahasha ya santuri hizo. Tulishangaa kwamba mtu wa mbali ametugharimia hata stempu, na tuliamini kwamba iko hila. Hila haikuwapo, lakini biashara ilikuwapo. Kampuni ilijua kwamba kijana aliyejifunza Ubuntu shuleni ataitaka kazini, na huko kazini mwajiri wake atalipia msaada. Mwaka 2011 kampuni iliacha kutuma santuri, kwani gharama ilikuwa kubwa na intaneti ilikuwa imeenea. Ukarimu wenye hesabu si dhambi, msomaji. Ukarimu usio na hesabu hukoma katikati ya safari.

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mwaka uleule wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba ruhusa mwenye kampuni, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hii ndiyo faida ambayo bei haiwezi kuipima: lugha ndogo sokoni yaweza kujihudumia yenyewe bila kungoja tajiri aone faida ndani yake.

Mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika msiba wa ghasia zilizofuata uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo la kuonyesha katika ramani mahali palipotendwa maovu, kwa habari zilizotumwa na wananchi wenyewe. David Kobia, Juliana Rotich, Erik Hersman na wenzao walishirikiana naye, na katika siku chache programu ikatengenezwa. Wakaiita Ushahidi, na msimbo wake wakauweka wazi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwezi wa Januari 2010, watu wa kujitolea waliitumia programu hiyo ya Kenya kukusanya vilio vya waliofunikwa na kifusi. Neno la Kiswahili likajulikana ulimwenguni.

Lakini sifa haijazi chungu. Ushahidi iliishi kwanza kwa misaada ya mashirika ya wafadhili, na viongozi wake walijua kwamba msaada una mwisho. Mwaka 2010 waliweka huduma iliyoitwa Crowdmap, ili mtu asiye na seva yake apate ramani tayari kwao bila kujisumbua. Mwaka 2013 walionyesha chombo cha kuunganisha intaneti mahali umeme unapokatika, kilichoitwa BRCK, kikawa kampuni ya pekee. Mwaka 2010 watu hao walikuwa pia wamefungua iHub huko Nairobi, mahali pa vijana wa kompyuta kukutana na kufanya kazi. Walifanya kama mfugaji mwenye akili, asiyetegemea kisima kimoja katika mwaka wa kiangazi.

Iko njia nyingine ya kumlipa mtunzaji, nayo ni ya umma. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ya Kenya ilianza kutumia nchini kote mfumo wa DHIS2 kukusanya hesabu za hospitali na zahanati. Asili yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi kuanguka mwaka 1994, na sasa watunzaji wake wakuu wako Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hesabu za watoto waliochanjwa katika Kaunti ya Kajiado hupita katika mfumo uleule utumiwao na nchi nyingine nyingi. Nchi hazinunui ruhusa ya kuutumia. Fedha za kuutunza hutoka Serikali ya Norway na mashirika makubwa ya afya, na kila nchi hugharimia seva zake, mafunzo na mafundi wake. Huo ni mfano wa kijiji kilichokubaliana kuchanga ili mlinzi wa kisima apate posho.

Tusidhani lakini kwamba kila aliyefungua lango amefungua na moyo. Ile simu ya Kitengela yaendeshwa na Android, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux. Google iliinunua kampuni ya Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ikauzwa mwaka 2008. Mwaka 2011 Safaricom ilileta Kenya simu ya Huawei Ideos kwa bei ya shilingi 8,000 hivi, na hapo ndipo watu wengi wa kipato cha kawaida walipoanza kuimudu simu ya namna hiyo. Bei hiyo isingewezekana kama kila mtengenezaji angelipia mfumo. Lakini Google haikusahau chungu chake. Msimbo ni wazi, ila duka la programu na huduma zake si wazi, na mtengenezaji aliyezitaka alipewa masharti. Mwezi wa Julai 2018 Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa sababu ya masharti hayo. Malisho yalikuwa ya wote, bali lango la kuendea mtoni lilikuwa na mwenyewe.

Ziko hatari mbili ambazo mali ya wote haina budi kujihadhari nazo. Ya kwanza ni kusahauliwa. Mwezi wa Aprili 2014 iligunduliwa kasoro katika OpenSSL, programu huria iliyolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti duniani. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, ilikuwa imekaa kwa muda wa miaka miwili bila kuonekana. Watu walipouliza watunzaji ni wangapi, waliambiwa kwamba mmoja tu aliifanya kazi hiyo kwa siku nzima, na michango ya hiari kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Kampuni zilizopata mabilioni kwa kuitegemea zilikuwa zimekunywa maji bila kuuliza nani anasafisha kisima. Baada ya aibu hiyo ndipo zilipochanga.

Hatari ya pili ni ua. Mwaka 2021 kampuni ya Elastic iliifunga leseni yake, ikilalamika kwamba Amazon ilikuwa ikiuza huduma kwa kazi yake. Mwaka 2023 kampuni ya HashiCorp nayo ilifanya hivyo. Yaliyofuata ni tofauti na yale ya Kitengela. Kwa kuwa msimbo wa zamani ulikuwa wazi na hauwezi kurudishwa kifungoni, wengine waliuchukua wakaendelea nao kwa majina mapya, OpenSearch na OpenTofu. Mwaka 2024 Elastic iliiongeza tena leseni huria. Mfugaji aliyezungushiwa ua hawezi kubeba uwanda mgongoni na kwenda zake, lakini mwenye programu huria aweza. Hiyo ndiyo ngao ambayo ardhi haikuwa nayo.

Sasa twaweza kumjibu rafiki yangu. Kosa lake halikuwa kutoa, bali ni kwamba hakutenganisha kazi na utunzaji wake. Msimbo aliutoa, nao haukupungua. Siku zake za Jumamosi pia alizitoa, nazo zilikwisha. Angefanya kama Stallman, angelipiza taabu ya kufikisha. Angefanya kama Red Hat, angeuza ahadi iliyoandikwa: kila muhula kiasi fulani, na mimi nitakuja mkinihitaji. Angefanya kama watu wa DHIS2, angeziambia shule saba zichange pamoja. Nilimweleza hayo mwenyewe. Akacheka, akasema kwamba nimechelewa.

Lakini hatukuchelewa kabisa. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wasichana wawili waliokuwa wanafunzi wake waliuchukua baada ya kumaliza kidato cha nne, wakaurekebisha. Safari hii walikwenda kwa walimu wakuu na karatasi iliyosema kwamba programu ni yenu, mwaweza kuinakili na kuibadilisha, ila matengenezo yana bei, na bei ni hii. Shule tatu zilikubali. Nne zilikataa, zikisema kwamba zamani walipewa bure. Wasichana hao hawajatajirika, lakini nauli ya Jumamosi haitoki tena mfukoni mwao, na alama za shule zile tatu zinahifadhiwa mahali pawili.

Msomaji kijana, si mbali na hapo, mahali kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado zinapokaribiana, Serikali inajenga mji wa teknolojia wa Konza katika eneo la ekari 5,000, na Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi huo mwezi wa Januari 2013. Huenda wewe utafanya kazi huko, au utafanya kazi katika chumba kimoja Kitengela ukiwa na kompyuta ya mkono wa pili. Popote utakapokuwa utatumia mali ambayo hukuifanya. Kabla ya kuchukua, uliza nani anayeitunza. Kabla ya kutoa, jiulize ni kitu gani utakitoa na kisipungue, na kitu gani kikitoka hakirudi, na hicho cha pili ukiwekee bei bila haya. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shamba hili la dunia sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kukaa zaidi ya siku mbili, na jembe limeegemezwa mlangoni.